Jenerali Aliyepigana Ameketi

Tarehe 4 Oktoba 1777, Bunge la makoloni yaliyokuwa yakipigana na Uingereza lilipitisha azimio: zitolewe dola 500 kujenga mnara wa kumkumbuka Brigedia Jenerali Nicholas Herkimer, mkuu wa wanamgambo wa bonde la Mto Mohawk katika jimbo la New York, aliyekuwa amefariki Agosti ya mwaka huo kwa jeraha la vitani. Gavana wa New York akaombwa asimamie kazi. Miaka ikapita, vita vikaisha, taifa likazaliwa, marais wakaingia na kutoka. Mnara mkubwa ulioko leo kwenye kaburi lake ulisimamishwa mwaka 1896. Hesabu mwenyewe: ni miaka 119.

Jina lake halikusubiri muda wote huo. Februari 1791 jimbo la New York lilikata sehemu ya Kaunti ya Montgomery na kuunda kaunti mpya, nayo ikaitwa Herkimer. Msomaji wa Kenya hana haja ya kuelezwa kaunti ni nini. Wa Tanzania achukue wilaya kubwa yenye baraza lake, mahakama yake na jela yake. Hiyo Montgomery yenyewe ilikuwa imepewa jina la jenerali mwingine, Richard Montgomery, aliyeuawa akiushambulia mji wa Quebec siku ya mwisho ya mwaka 1775. Kabla ya hapo iliitwa Tryon, kwa heshima ya gavana wa mfalme. Mfalme aliposhindwa, jina la gavana wake likafutwa na majenerali wakaingia. Ukizunguka jimbo hili utakuta pia Steuben, Sullivan, Wayne na Greene, wote watu wa vita ile ile.

Mimi ni Mzigua wa Handeni, naishi Utica, maili zisizozidi 15 kutoka mji wa Herkimer. Kazi yangu ni ukalimani, na jioni nafundisha darasa la uraia. Utica ni mji mdogo uliopokea wakimbizi kwa miongo mingi, na kati yao wapo wanaozungumza Kiswahili: Wakongo, Warundi, na Wasomali wenye asili ya Kibantu. Baadhi ya hao wa mwisho wanazungumza Kizigula, maana mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka huko huko kwetu, nyuma ya pwani ya Tanga, wakapelekwa Somalia. Mara ya kwanza nilipomsikia bibi mmoja wa Utica akiongea lugha ya nyanya yangu, nilishindwa kujizuia, nikalia mbele za watu.

Katika mtihani wa uraia wa Marekani limo swali la kwa nini makoloni yalipigana na Waingereza. Wanafunzi wangu hulikariri jibu na kufaulu, lakini wao ni watu waliokimbia vita. Wanajua kwamba vita ina kijiji, ina mto, ina majirani. Ndiyo maana nilianza kuwapeleka kumwona Herkimer. Vita vile havikupiganwa Boston peke yake. Vilipita barabara hii wanayoendea kazini.

Alizaliwa karibu na mwaka 1728, hapa hapa bondeni. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Palatine, watu waliofukuzwa kwao na vita na njaa, wakaishia ukingoni mwa Mto Mohawk, mpakani kabisa mwa koloni la Waingereza. Kwa hiyo mtu aliyeipa kaunti jina lake alikuwa mtoto wa wakimbizi. Hili huwa nalisema polepole darasani, kwa sababu naona nyuso zinavyobadilika. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga na barua zake zilijaa makosa ya tahajia. Lakini ukoo wake ulitajirika kwa kusafirisha mizigo kwenye maporomoko ya Little Falls, mahali ambapo mashua hazikuweza kupita na kila kitu kilibidi kishushwe na kubebwa nchi kavu. Mwaka 1764 alijenga nyumba kubwa ya matofali upande wa kusini wa mto. Ipo mpaka leo, ni makumbusho ya jimbo.

Mwaka 1777 Waingereza walipanga kuikata New York vipande. Jenerali John Burgoyne alishuka kutoka Kanada kuelekea Albany, na Barry St. Leger akazunguka kwa magharibi ili ashuke na Mto Mohawk, wakutane. Njia ya St. Leger ilizibwa na ngome moja, Fort Stanwix, palipo na mji wa Rome leo, chini ya kamanda kijana Peter Gansevoort. St. Leger akaizingira. Herkimer alikuwa ameshatangaza kwamba kila mwanamume wa miaka 16 hadi 60 mwenye afya awe tayari kushika silaha. Wakaja watu kama 800, wakulima, na magobore yao na mikokoteni ya maksai. Njiani wakaungana nao wapiganaji wapatao 60 wa taifa la Oneida, wenyeji wa ardhi ile.

Usiku wa tarehe 5 Agosti walilala karibu na kijiji cha Oriska. Herkimer alikuwa ametuma watu wapenye hadi ngomeni wamwambie Gansevoort afyatue mizinga mara tatu kama ishara, kisha askari wa ngomeni watoke wawashambulie Waingereza kwa upande wao. Asubuhi ikafika, mizinga haijasikika. Herkimer akataka kusubiri. Maofisa wake wakamjia juu. Wakamwita mwoga. Wakamwita msaliti, kwa kuwa kaka yake mmoja alikuwa upande wa mfalme. Mzee yule wa miaka kama 49 alivumilia, akajibu, mwishowe akatoa amri ya kusonga mbele.

Hapa ndipo ninapomlaumu na kumhurumia kwa pamoja. Alijua hatari iliyokuwapo. Alikuwa sahihi. Akaenda, kwa sababu kukaa nyuma baada ya maneno yale kungevunja jeshi lililoundwa na jamaa na majirani.

Asichojua ni kwamba habari zake zilikuwa zimemtangulia. Molly Brant, mwanamke Mmohawk aliyeishi bondeni, alikuwa ametuma wajumbe kumwonya St. Leger. Ndugu yake Molly, Joseph Brant, aliongoza Wamohawk waliovizia njiani, pamoja na Waseneca na Wazungu wa bondeni waliobaki na mfalme chini ya Sir John Johnson. Maili sita hivi kabla ya ngome, mahali panapoitwa Oriskany, njia iliteremka kwenye korongo lenye majimaji na kupanda tena upande wa pili, msitu umefunga kila mahali. Safu ya Herkimer ilipojaa mle ndani, risasi zilianza. Wakawa kama samaki ndani ya dema.

Risasi iliua farasi wa Herkimer na kuvunja mguu wake chini ya goti. Kilichofuata ndicho kinachomfanya akumbukwe. Alikataa kuondolewa. Akaagiza tandiko litolewe kwenye farasi aliyekufa, likawekwa chini ya mti mkubwa, akakalishwa juu yake mguu umenyooshwa, akatoa kiko chake, akakiwasha, akaendelea kutoa amri. Watu walimsihi asogee mahali pa usalama, akasema atamkabili adui uso kwa uso.

Kisha mvua ya radi ikanyesha karibu saa nzima. Baruti ikalowa, magobore yakanyamaza pande zote. Aliyewahi kulitumia gobore anajua kulijaza kunachukua muda, na wapiganaji wa Brant walikuwa wameshaujua muda huo: wakiona moshi wa risasi nyuma ya mti, walimrukia mwenye gobore na shoka kabla hajajaza tena. Mvua ilipokatika, Herkimer alikuwa amewapanga watu wake wawili wawili kila mti, mmoja afyatue, mwenzake angoje na risasi yake. Ni hila ndogo, lakini iliwaokoa waliobaki.

Mapigano yalidumu kama saa sita. Majirani walitambuana usoni na kuuana kwa visu na vitako vya bunduki. Wakati huo huo Luteni Kanali Marinus Willett alitoka ngomeni na askari, akavamia kambi za adui zilizobaki na walinzi wachache, akachukua mali zao. Wapiganaji wa Brant waliposikia kambi zao zinatekwa, wakaondoka. Wanamgambo wa Herkimer hawakuwa na nguvu ya kuwafuata wala ya kufika ngomeni. Takriban nusu yao walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au wametekwa. Waliweza tu kubeba majeruhi na kurudi nyuma, maiti wakaachwa korongoni.

Herkimer alibebwa hadi nyumbani kwake. Jeraha likaharibika. Daktari mpasuaji asiye na uzoefu akamkata mguu juu ya goti, na damu ikakataa kusimama. Inasimuliwa kwamba alipoona mwisho umefika aliomba Biblia yake, akasoma Zaburi ya 38 mbele ya watu wa nyumbani. Akafa siku kumi baada ya vita.

Kumbukumbu zake ziko mahali kadhaa, na kila moja inasema jambo tofauti. Oriskany kwenyewe, kwenye uwanja wa vita, upo mnara wa mawe uliozinduliwa tarehe 6 Agosti 1884. Mjini Herkimer, katika bustani ya Myers Park, ipo sanamu ya shaba ya mwaka 1907, kazi ya Burr Churchill Miller, iliyotolewa na baba yake, aliyewahi kuwa seneta, Warner Miller. Nyumbani kwake, makaburini, ndipo penye ule mnara wa 1896, wenye urefu wa futi 60. Na katika maktaba ya umma ya Utica umo mchoro wa Frederick Yohn ambao hutumika sana vitabuni: jenerali ameketi chini, ananyoosha mkono kuelekeza, huku mguu wake unafungwa kitambaa.

Majenerali wengi wa shaba wamekaa juu ya farasi. Hata Dar es Salaam, Askari wa pale katikati ya mji amesimama na bunduki yake, anasonga mbele. Herkimer wa Myers Park ameketi. Mchongaji angeweza kumpandisha juu ya farasi na hakuna ambaye angelalamika, lakini alimwacha kama alivyokuwa saa ile, mtu mzima aliyevunjika mguu, hawezi kwenda popote, mkono ndio unaofanya kazi. Simjui jenerali mwingine wa sanamu ambaye mtu mwenye magongo anaweza kumtazama na kujiona.

Mzee mmoja wa Uvira, mwanafunzi wangu, aliizunguka sanamu ile taratibu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chao: “Mwalimu, huyu mutu alishinda ao alishindwa?”

Nilimjibu, “Alishindwa, baba. Hakufika alikokuwa anakwenda.”

“Basi kwa nini walimupa inchi yote hii?”

Jibu la vitabu ni kwamba vita vya Oriskany viliwachosha washirika wa St. Leger. Baadaye mwezi ule, Benedict Arnold alipokaribia na habari za jeshi kubwa zikatiwa chumvi kwa makusudi, wapiganaji wa St. Leger wakamkimbia, naye akaacha kuizingira ngome. Burgoyne akabaki bila msaada, akasalimu amri Saratoga tarehe 17 Oktoba 1777, na ushindi ule ndio ulioishawishi Ufaransa kuingia vitani upande wa Marekani. Hayo yote ni kweli na nilimweleza.

Lakini jibu ninaloliamini mimi liko Oriskany, kwenye bamba la shaba lililobandikwa kwenye mnara. Ni bamba la majina. Sogea karibu uyasome: Bellinger, Klock, Petry, Helmer, majina ya Kijerumani, yanajirudia ukoo kwa ukoo, maana waliokwenda walikwenda baba na mtoto, kaka na shemeji. Bonde lile lilikuwa na watu wachache. Kupoteza wanaume wengi hivyo kwa siku moja kulimaanisha mashamba yasiyo na wavunaji na nyumba zilizoachiwa wajane. Nyumba ngapi zilikuwa na msiba usiku ule! Waliposema kaunti iitwe Herkimer, nadhani walikuwa wanamtaja mmoja kwa niaba ya wote, yule ambaye kila mjane alijua kwamba hakuwakimbia waume zao. Mzee wa Uvira alitikisa kichwa, akasema kwao pia kuna chifu anayekumbukwa kwa namna hiyo.

Wapo wasiotajwa ipasavyo. Waoneida walipigana upande wa Herkimer, na hao ni watu waliopigana na ndugu zao wa muungano wa mataifa sita: Wamohawk na Waseneca upande ule, Waoneida upande huu. Shujaa wao Han Yerry alijeruhiwa kifundo cha mkono, mkewe Tyonajanegen akamjazia bunduki na yeye mwenyewe akapigana. Baada ya vita kijiji cha Oriska kilichomwa moto kwa kulipiza kisasi. Malipo yao yalikuwa nini? Mnamo mwaka 1794 serikali ya Marekani ilitia saini mkataba wa kuwafidia kwa hasara zao, lakini ardhi yao, iliyokuwa ekari milioni kadhaa, ilikuwa imeanza kumegwa na jimbo la New York mkataba kwa mkataba, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 zikabaki ekari 32. Kaunti ninayoishi, iliyokatwa kutoka Herkimer mwaka 1798, inaitwa Oneida. Wamepewa jina, wamenyang'anywa ardhi. Mtu akiniambia jina kwenye ramani ni heshima tosha, huwa namwonyesha hesabu hiyo.

Wengine walikuwa ndani ya nyumba ya jenerali mwenyewe. Siku tuliyotembelea nyumba ile ya matofali, tulipitishwa vyumba vya juu, madirisha mapana, ngazi nzuri ya mbao. Yule bibi Mzigula niliyemtaja alikaa kimya muda wote, akishika kuta kwa kiganja. Kisha akaniuliza kwa lugha yetu, sauti ya chini kama mtu aliye msibani, “Mwanangu, humu nani alikuwa anapika?”

Herkimer alikuwa na watumwa, bibi. Watu weusi. Walipika, walichota maji, walilima, na hapana shaka walishughulika na bwana wao siku zile kumi alizokuwa anakufa. New York haikukomesha utumwa kabisa hadi tarehe 4 Julai 1827, miaka 50 tangu Oriskany. Nilimwambia hayo yote. Hakushangaa. Alisema tu, “Basi na wao walikuwa vitani.” Mwanamke ambaye ukoo wake ulitolewa Uzigua kwa kamba alihitaji kutazama jiko moja tu ili aone walioachwa nje ya hadithi.

Tangu siku hiyo nafundisha somo la Herkimer kwa namna nyingine. Simwondoi kwenye tandiko lake; alistahili. Mtu aliyetukanwa na watu wake asubuhi, akawaongoza hata hivyo, na alipovunjwa mguu akabaki nao hadi mwisho, huyo nampa heshima bila kusita. Lakini namfundisha pamoja na Han Yerry na Tyonajanegen, na pamoja na jiko. Wanafunzi wangu hawachanganyikiwi. Watu waliotoka Kivu na Bujumbura na Jilib wanajua vizuri kwamba mtu mmoja anaweza kuwa shujaa mbele ya adui yake na bwana wa watumwa nyumbani kwake. Wanaochanganyikiwa mara nyingi ni watoto wao waliozaliwa hapa, na hao ndio ninaotaka wafike pale mapema, kabla mtu mwingine hajawapa nusu ya habari.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Utica, Syracuse na Albany, nawaomba. Jina hili tunaliona kila siku: liko kwenye mabango ya barabara, liko kwenye chuo cha kaunti, liko hata kwenye vile vipande vya mawe angavu vinavyochimbwa Middleville na kuuzwa kwa jina la almasi za Herkimer, ingawa ni kwazi tu. Chukueni siku moja ya kiangazi. Anzeni Oriskany, barabara ya 69, mteremshe macho hadi korongoni, msome bamba la majina. Ndipo mwende Little Falls, barabara ya 169, kwenye nyumba na kaburi. Ulizeni saa za kufungua kabla hamjatoka. Mkiwa ndani ya nyumba, muulizeni anayewatembeza swali la bibi: nani alikuwa anapika humu? Ulizeni kwa adabu, na ulizeni mbele ya watoto. Wageni wengi wakiliuliza swali hilo, jibu lake litapata nafasi kwenye ukuta wa makumbusho, na mimi ningefurahi siku moja kuona majina ya watu hao yamechongwa kwenye shaba pale makaburini, karibu na mnara wa bwana wao.